Jiokemia ya bahari: namna ya kuisomea ukiwa Unguja au Pemba

Kijana aliyefaulu kemia kidato cha sita, awe wa Makunduchi au wa Micheweni, huulizwa na jamaa zake kama atasomea udaktari au famasia. Mwongozo huu nauandika kwa yule anayeiangalia bahari na kutaka kujua imebeba nini: chumvi zake zimetoka wapi, kwa nini matope ya mikokoni yananuka, mbolea na maji taka vinaishia wapi, na hewa ya ukaa inayoingia majini inawafanya nini matumbawe na kombe. Maswali haya yote ni ya jiokemia ya bahari. Ni elimu ya kufuatilia vitu, kaboni, nitrojeni, chuma, zebaki, vinavyotoka nchi kavu na hewani, vinavyozunguka majini, na hatimaye kuzikwa kwenye mashapo ya chini.

Niseme mapema ninachokiamini, maana hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake. Mtu huwa mwanajiokemia siku anapoweza kukitetea kipimo kimoja mbele ya yeyote: maji yalichotwa wapi, saa ngapi, kwa chupa gani, yakatunzwa vipi, na namba ilipatikanaje. Mashine za gharama huja baadaye. Anayezianza hizo kabla ya kujua kuchota maji huishia na majedwali mazuri yasiyo na maana.

Hatua ya kwanza: tahasusi

Kemia haiepukiki. PCM (fizikia, kemia, hesabu), PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia) zote zinakufikisha, kila moja kwa njia yake. PCM inakupa hesabu, na hesabu utazihitaji sana baadaye. CBG inakupa jiografia, na kwa hivyo mwamba, udongo na mikondo. Tahadhari na PGM (fizikia, jiografia, hesabu): ni nzuri kwa anayetaka jiolojia, lakini haina kemia, na pengo hilo ni gumu kuliziba ukiwa tayari chuo kikuu. Kama skuli yako haina maabara ya kutosha, jambo ambalo ni la kawaida shamba, shika angalau titresheni. Bureti, pipeti na flaski ni vyombo vya karne ya 19 na bado vinafanya kazi ya heshima katika fani hii, kama nitakavyoonyesha.

Hatua ya pili: shahada ya kwanza

Usitafute shahada ya kwanza yenye jina la jiokemia ya bahari. Karibu kila mahali duniani watu huingia fani hii wakiwa wameshasoma kemia, jiolojia, sayansi ya mazingira au sayansi ya viumbe wa majini, kisha hubobea kwenye uzamili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha kemia, jiolojia na sayansi za majini kule Mlimani, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina jiolojia. Kwa anayetaka kubaki nyumbani, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiko Tunguu. Kila mwaka soma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa sababu majina ya programu na sifa za kuingia hubadilika. Mzanzibari anaweza kuangalia mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar pamoja na ile ya Muungano, HESLB.

Rai yangu ni hii: ukiwa na uwezo wa kuchagua, soma kemia, kisha chukua kozi za jiolojia za hiari. Mkemia hujifunza mwamba kwa urahisi zaidi kuliko mwanajiolojia anavyojifunza usawa wa asidi na besi akiwa na miaka 25. Kozi za kuzikamata kwa mikono miwili ni kemia ya uchambuzi, kemia ya miyeyusho, takwimu, na jiolojia ya mashapo. Kozi ya programu ya kompyuta, iwe R au Python, usiiache ikupite.

Halafu kuna elimu ya mwamba ambayo Mzanzibari anakaa juu yake. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa mashariki na kusini, ni mawe ya matumbawe ya kale, na Mji Mkongwe wenyewe umejengwa kwa mawe hayo na chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Chukua kipande, kitie asidi kidogo, utaona kikitoa mapovu. Hiyo ni hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Swali zuri la kuanzia ni hili: tumbawe linapojenga mifupa yake, linaiongeza hewa ya ukaa majini au linaipunguza? Wengi hujibu kuwa linaipunguza, kwa kuwa kaboni inaingia kwenye jiwe. Ukiiandika milinganyo sawasawa utaona kuwa kalsiamu moja inachukua bikaboneti mbili: moja inakuwa jiwe, nyingine inaachia hewa ya ukaa. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hili mpaka akaweza kumweleza mwenzake kwa Kiswahili chepesi ameshaingia mlangoni.

Hatua ya tatu: jua maji yanavyokwenda

Hapa mtoto wa pwani ana faida ambayo vyuo vya ng'ambo haviwezi kumpa. Kujaa na kupwa ndiko kunakotawala kemia ya fukwe zetu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti baina ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu, yaani siku ya saba au ya nane na ya ishirini na mbili tangu mwezi kuandama, tofauti hiyo ni ndogo sana. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana nusu ya jedwali la kujaa na kupwa.

Jambo ambalo wageni huchelewa kuligundua ni kwamba kwetu bamvua lina saa zake. Maji yake hupwa kabisa asubuhi mnamo saa nne, na tena saa kama hizo usiku, na hujaa mnamo saa kumi alasiri na saa kumi usiku. Kwa hiyo ukiamua kupima oksijeni kwenye majani ya bahari ya Chwaka kila bamvua wakati wa kupwa, utakuwa unapima saa nne ya asubuhi kila mara. Hutaweza tena kutenganisha athari ya kupwa na athari ya jua. Majani hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku. Oksijeni na pH huwa chini kabisa alfajiri na juu kabisa alasiri. Dawa yake ni kukaa mahali pamoja kwa mzunguko mzima wa saa 24, ukichota kila baada ya saa mbili, halafu kurudia wakati wa maji mafu. Kazi hii inachosha, inahitaji watu watatu au wanne wa kupokezana na chai ya kutosha, lakini inafundisha kuliko muhula wa mihadhara.

Misimu nayo uijue kwa majina yake. Kaskazi huvuma takriban Novemba hadi Machi na kuleta maji ya moto. Kusi huanza Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, likiwa na nguvu na ubaridi kidogo. Kati yake kuna tangambili, ambapo bahari hutulia na boti ndogo inaweza kufika mbali. Mvua za masika hushusha chumvi kwenye hori za mikoko na kusukuma udongo na virutubisho baharini. Kumbuka pia tofauti ya visiwa vyenyewe: Unguja imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina kifupi, mita makumi tu, ilhali mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita. Maji yanayogusa magharibi ya Pemba yana historia tofauti na yanayopita mbele ya Forodhani.

Kama hujui kuogelea, jifunze sasa. Koti la kuokolea maisha livae hata kama nahodha halivai.

Hatua ya nne: namba za kubeba kichwani

Chache tu, lakini uzijue usingizini. Maji ya bahari ya wazi yana wastani wa gramu 35 za chumvi kwa kilo. Mkemia William Dittmar alichambua sampuli 77 zilizoletwa na meli Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, akaonyesha mwaka 1884 kuwa uwiano wa chumvi kuu ni ule ule karibu kila mahali. Sodiamu kwa kloridi, magnesiamu kwa kalsiamu: Nungwi ni sawa na kaskazini ya Atlantiki, kinachotofautiana ni jumla tu. Ndiyo sababu leo tunapima chumvi kwa kutazama jinsi maji yanavyopitisha umeme, bila kuzichambua chumvi moja moja.

Namba ya pili ni 106:16:1, uwiano wa kaboni, nitrojeni na fosforasi katika viumbe vidogo vielea, uliopewa jina la Alfred Redfield. Ukipima nitrati na fosfati ukakuta nitrojeni ni kidogo mno kwa kila fosfati moja, unajua ni kipi kinachoweza kuzuia ukuaji. Namba ya tatu ni pH ya 8.1, wastani wa maji ya juu ya bahari ya leo. Kabla ya viwanda ilikuwa karibu 8.2. Pungufu la 0.1 laonekana dogo, lakini kipimo cha pH ni cha logi, na maana yake ni ongezeko la ioni za haidrojeni la kiasi cha asilimia 30 hivi.

Kaboni ya bahari ina vipimo vinne vinavyowezekana: pH, alkalini (uwezo wa maji kuizimua asidi), jumla ya kaboni isokaboni iliyoyeyuka, na shinikizo la hewa ya ukaa. Ukipima viwili kwa usahihi, viwili vilivyobaki unavikokotoa. Programu ya CO2SYS hufanya hesabu hiyo bure. Ifanye kwanza kwa mkono, angalau mara moja.

Hatua ya tano: kipimo chako cha kwanza, oksijeni

Ningekuwa na amri juu ya mitaala, kila mwanafunzi angeanza na njia aliyoitoa Lajos Winkler mwaka 1888. Ni ya bei nafuu, maabara ya skuli inaiweza, na inaonyesha kosa lako pale pale.

Tuseme uko kwenye hori la Mapopwe, linaloingia Ghuba ya Chwaka kupitia mikokoni. Usichote kwa ndoo, ndoo huchanganya hewa na maji. Tumia chupa ya kuchotea inayofungika chini ya maji, kisha hamisha maji kwa mpira mwembamba mpaka kwenye chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo. Ncha ya mpira ifike chini kabisa ya chupa. Acha maji yajae na yafurike, yamwagike mara mbili au tatu ya ujazo wa chupa, huku ukiukagua mpira usiwe na hata povu moja. Vuta mpira taratibu huku maji yakiendelea kutiririka. Sasa tia mililita 1 ya kloridi ya manganizi, kisha mililita 1 ya iodidi yenye alkali, zote kwa pipeti ambayo ncha yake imezama. Funga kizibo bila kubakiza hewa, geuza chupa juu chini mara nyingi.

Tazama rangi. Maji yenye oksijeni ya kutosha hutoa mashapo ya kahawia, kama ya chai ya maziwa iliyokolea. Maji yasiyo na oksijeni hubaki na mashapo meupe. Mwanafunzi aliyechota juu ya hori mchana, halafu akachota chini kabisa karibu na matope alfajiri, akaziweka chupa mbili pamoja juani, ameona kwa macho yake kile ambacho vitabu hukieleza kwa kurasa.

Chupa iliyotiwa dawa hizo mbili inaweza kusubiri kwa saa kadhaa gizani, ikiwa imezamishwa kwenye ndoo ya maji ili kizibo kisikauke. Jambo hili ndilo linalomwezesha mwanafunzi wa Pemba kuchota Misali asubuhi, kurudi Wesha, na kufanya titresheni jioni Chake Chake. Ukifika, tia asidi ya salfuriki, mashapo yatayeyuka na iodini itajitokeza kwa rangi ya manjano. Ipunguze kwa thaiosalfeti kutoka kwenye bureti mpaka manjano ififie, tia wanga, maji yageuke bluu, na endelea tone kwa tone mpaka bluu iondoke ghafla.

Hesabu yake ni fupi. Oksijeni kwa miligramu kwa lita ni mililita za thaiosalfeti, mara ukolezi wake, mara 8,000, gawa kwa mililita za sampuli. Ukitumia mililita 7.8 za thaiosalfeti ya moli 0.01 kwa lita kwa mililita 100 za sampuli, unapata 6.24. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 yakiwa yameshiba hewa hubeba kati ya miligramu 6 na 6.5, kwa hiyo jibu hilo linaingia akilini. Ukipata 11 alfajiri chini ya mikoko, rudi uangalie mpira wako.

Fanya kila sampuli kwa chupa pacha. Pacha wakitofautiana sana, usichukue wastani ukaendelea. Simama utafute sababu.

Hatua ya sita: usafi

Historia ya fani hii ina somo moja kubwa. Clair Patterson, aliyekokotoa umri wa dunia kuwa karibu miaka bilioni 4.55 kwa kutumia risasi, aligundua kuwa risasi iliyokuwa ikiripotiwa baharini kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye vyombo, vumbi na mikono ya wapimaji wenyewe. Vipimo vingi vya metali adimu katika maji ya bahari vilivyochapishwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 vilikuja kutupwa kwa sababu hiyo. Watu makini, wenye maabara bora kuliko zetu, walipima uchafu wao kwa miaka mingi.

Kwa hiyo jenga tabia mapema. Chupa za plastiki za virutubisho na metali zilowekwe kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, zisuuzwe mara nyingi kwa maji safi ya maabara, zikaushwe zikiwa zimefunikwa. Sabuni yenye fosfati isiguse chupa za fosfati. Moshi wa sigara huongeza amonia, basi nahodha umwombe kwa adabu asivute unapochota. Mafuta ya kujikinga na jua mengi yana zinki; mikono iliyopakwa isifike mdomo wa chupa. Chota upande ambao boti inaelekea, upande unaotoka maji mapya, mbali na injini na kutu ya nanga.

Kila siku ya kazi uwe na sampuli tupu: maji safi ya maabara yaliyosafiri nawe, yakamiminwa, yakachujwa na kutunzwa sawa na mengine. Namba ya sampuli tupu ndiyo inayokwambia uchafu wako mwenyewe ni kiasi gani.

Virutubisho huchujwa papo hapo na kuwekwa kwenye barafu. Barafu hununuliwa kirahisi kwenye madiko ya samaki, Malindi kwa mfano, na deli zuri litaihifadhi hadi jioni. Kisha hugandishwa kwenye friza. Umeme ukikatika usiku, usifungue friza, na uandike kwenye daftari muda uliokatika. Sampuli za kaboni hutunzwa kwa kloridi ya zebaki, ambayo ni sumu kali. Usiiguse bila msimamizi, glovu na mpango wa wapi taka zake zitakwenda. Kutupa zebaki kwenye sinki ni kuichafua bahari unayoisoma.

Hatua ya saba: matope

Ningeweza kuandika mwongozo mzima juu ya matope pekee. Chukua bomba la plastiki la wazi lenye urefu wa nusu mita, lisukume taratibu kwenye matope ya mikokoni, ziba juu kwa kizibo cha mpira, livute. Ndani utaona tabaka: kahawia nyembamba juu, kijivu, kisha nyeusi. Harufu ya mayai viza inatoka huko chini.

Bakteria ndio wanaoyapanga matabaka hayo. Wa juu wanapumua oksijeni. Ikiisha, wengine hutumia nitrati, kisha manganizi, kisha chuma, kisha salfeti. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, karibu milimoli 28 kwa lita, kwa hiyo hatua ya salfeti huwa ndefu na ndiyo inayotoa gesi ile ya mayai viza. Salfaidi ikikutana na chuma, matope huwa meusi. Salfeti ikiisha, methani huanza. Pua yako tayari imefanya jiokemia kabla ya kifaa chochote.

Wanafunzi wengi wakifika kwenye mashapo hukimbilia metali nzito: risasi, kadmiamu, zebaki karibu na bandari. Ni mada halali, ila ina mtego. Mchanga wa pwani zetu za mashariki kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, masalia ya matumbawe na mwani wa chokaa, na mchanga huo kwa asili una metali kidogo. Ukiulinganisha na wastani wa dunia wa miamba ya udongo wa mfinyanzi utasema pwani ni safi hata kama imechafuka; na ukilinganisha matope laini ya bandarini na mchanga wa Paje utasema bandari imechafuka hata kama tofauti ni ya ukubwa wa chembe tu. Gawa kila metali kwa aluminiamu, pima ukubwa wa chembe, kisha ndipo useme.

Hatua ya nane: swali, kibali na salamu

Chagua swali dogo linaloweza kujibiwa kwa misimu miwili. Haya ninayapenda: je, fosfati na nitrati zinapungua vipi kutoka ufukwe wa Mji Mkongwe, ambao unapokea maji taka, kuelekea Bawe? Je, maji ya chini ya ardhi yanayopenya kwenye mawe ya matumbawe huleta nitrati kiasi gani ufukweni penye hoteli, na visima vya jirani vinasema nini? Je, shamba la mwani la Jambiani linabadilisha pH ya maji yake mchana na usiku kwa kiasi gani? Mwani umelimwa Paje na Jambiani kwa biashara tangu 1989, na kinamama wanaoulima wameona joto likiua zao. Wana maswali yao wenyewe. Waulize kabla ya kuandika pendekezo.

Kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi kianze kushughulikiwa miezi kabla. Kama eneo limo ndani ya hifadhi, iwe Menai, Mnemba, Changuu na Bawe, au mkondo wa Pemba, PECCA, ongea na wasimamizi wake. Kisha nenda kwa sheha wa shehia, ukiwa na barua, ukae, ueleze. Ukifika pwani, salamu kwanza:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mnatafuta nini na hizo chupa?"

Jibu kwa ukweli na kwa maneno anayoyatumia yeye, na mwambie lini utarudi na majibu. Rudi kweli. Pwani ina kumbukumbu ya watafiti waliochota, wakaondoka, na wasionekane tena, na anayekuja baada yao ndiye anayelipa.

Hatua ya tisa: uzamili na mafunzo ya nje

Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa hapa Unguja, ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ikajulikana kwa jengo lake la Mizingani, na sasa ina kampasi Buyu. Hapo ndipo pa kuanzia kwa uzamili na uzamivu. Kabla ya kuomba nafasi, soma makala za wahadhiri, chagua mmoja ambaye kazi yake umeielewa, umwandikie barua fupi yenye swali moja la maana. Barua ya namna hiyo hujibiwa kuliko inayosema unapenda bahari tangu utotoni.

WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi ya Bahari ya Hindi iliyoanzishwa 1993, makao yake yako Zanzibar. Hutoa ruzuku za utafiti kupitia mipango yake ya MASMA na MARG, na huandaa kongamano kila baada ya miaka miwili, mahali pazuri pa bango lako la kwanza. OceanTeacher ya UNESCO ina kozi za mtandaoni za bure. Maabara ya mazingira ya bahari ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, iliyoko Monaco tangu 1961, hufundisha juu ya kuongezeka kwa asidi baharini. Mpango wa Pier2Peer humuunganisha kijana na mtafiti mzoefu wa fani hiyo, na POGO, ushirika wa taasisi za utafiti wa bahari duniani, hudhamini vijana wa nchi zinazoendelea. Kwa shahada nzima, angalia ufadhili wa DAAD ya Ujerumani, wa Commonwealth (Jumuiya ya Madola) na wa Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya.

Ukienda ng'ambo, nenda na sampuli au data za nyumbani. Mashine za kupima isotopu na metali adimu utazikuta huko, lakini wewe ndiye utakayekuwa na swali. Mfano wa kutia moyo upo jirani: tumbawe lililochimbwa Malindi, Kenya, limetoa rekodi ya joto la bahari ya takriban karne mbili, na bariamu ndani ya matumbawe ya eneo hilo imeonyesha jinsi udongo ulivyoongezeka kumomonyoka kupitia mto Sabaki. Pwani yetu ina matumbawe ya aina hiyo hiyo.

Hatua ya kumi: data, na kazi ya baadaye

Daftari la kazi liandikwe kwa penseli au wino usioyeyuka, kurasa zake zisichanwe. Kila namba iende na kosa lake: 6.2 peke yake haijakamilika, 6.2 kujumlisha au kutoa 0.1 inasomeka. Jifunze Ocean Data View, programu ya bure ya kuchora ramani na mikato ya bahari, na pakua data za Bahari ya Hindi ulinganishe na zako. Sampuli chache pima pamoja na maji rejea yaliyothibitishwa, yaani ambayo namba yake inajulikana tayari; kwa kaboni, duniani kote hutumika yale ya maabara ya Andrew Dickson kwenye taasisi ya bahari ya Scripps, California.

Kazi zipo zaidi ya ualimu wa chuo. Taasisi ya utafiti wa uvuvi na rasilimali za bahari, ZAFIRI, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, Mamlaka ya Maji, ZAWA, wakala wa Mkemia Mkuu, Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na kampuni zinazofanya tathmini za athari kwa mazingira kabla ya hoteli kujengwa, zote zinahitaji mtu anayejua kusema maji haya yana nini na ana hakika kiasi gani. Kwenye barua ya maombi ya kazi, ambatanisha ukurasa mmoja wa data zako mwenyewe ukiwa na sampuli tupu, pacha na makosa yake. Mwajiri anayeelewa atausoma huo kabla ya cheti.